Kadi ya Dhahabu ya Kiunga

Katika mji mzima wa Nkubu, mtu pekee aliyeyajua mawingu kwa majina yao alikuwa Kiunga, muuza tairi. Alisema hivyo mwenyewe, tena kwa sauti. Ukimwambia mvua inakuja, anatazama juu kama mwenye shamba anayekagua ng'ombe wake, kisha anatikisa kichwa.

"Lile pale? Lile nimelipita mara nyingi. Ni moshi tu, halina maji!"

Ukweli ni kwamba Kiunga hupanda ndege mara moja kwa mwaka, kwenda mkutano wa wauza tairi Mombasa, na tiketi hukatwa na kampuni ya tairi. Lakini kwa jinsi anavyosimulia, ungedhani rubani akipotea njia hupigia Kiunga simu.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa pointi. Lipo shirika la ndege liitwalo Mwewe. Ukisafiri nao wanakuandikia pointi, na pointi zikijaa wanakupa kadi. Unaanza na kadi ya Shaba, unapanda hadi ya Fedha, halafu (na hapa Kiunga alikuwa akishusha sauti kama mtu anayepokea komunio) unafika kwenye Dhahabu. Mwenye Dhahabu haketi na umma kwenye vile viti vya chuma vya uwanja wa ndege. Anaingia launji, chumba cha makochi, supu, nyama na chai isiyo na bili, ambamo wasichana waliovaa skafu wanakuuliza kama umestarehe.

Pointi za Mwewe hupatikana hata kwenye baadhi ya vituo vya petroli. Basi Kiunga akaapa kwamba hataweka mafuta pengine popote. Siku moja akitoka Chuka taa ya mafuta ikawaka, akapita kituo kimoja, akapita cha pili, vyote havina pointi. Gari likamfia Igoji katikati ya soko. Akina mama wa ndizi wakamsukuma hadi kando ya barabara huku wakimuuliza kwa nini asiite ndege.

Mpinzani wake alikuwa Mbaka, mwenye duka la dawa za mifugo, ambaye naye alikuwa mfuasi wa shirika shindani, Kipungu. Wawili hawa wakikutana hotelini asubuhi, chapati hupoa.

"Kipungu wanafika kwa wakati," Mbaka angeanza.

"Lakini pointi zao zinakufa mwisho wa mwaka! Pointi za Mwewe haziozi!"

"Haziozi kwa sababu ndege yenyewe haijaondoka. Halafu jiulize, tangu lini mwewe akamsaidia mtu? Kazi yake ni kunyakua vifaranga!"

Hoteli nzima ilicheka, na Kiunga akalipa chai yake akaenda zake bila kumaliza. Wivu, alisema. Wivu wa mtu anayesafiri na ndege inayogawa njugu tu.

Basi ikatokea kwamba Karimi, shemeji yake, aliyeolewa Mombasa, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akapewa jina la nyanya yake, Gatakaa, kama inavyopasa. Na Gatakaa mkubwa, mama mkwe wa Kiunga, akatangaza kwamba hatakufa kabla hajamshika Gatakaa mdogo. Alikuwa mama mwenye miaka yake, magoti yamechoka, na safari ndefu ya barabara ingemmaliza. Kinya, mke wa Kiunga, alikuwa na darasa la mtihani shuleni, hangeweza kutoka.

"Nitampeleka mimi, kwa ndege!" Kiunga akasema akijipiga kifua.

Kinya akalengwalengwa na machozi. Miaka yote ya ndoa, hajawahi kumwona mume wake akimjali mama yake namna hiyo.

"Asante, Baba Kendi. Mbaka ameniambia Kipungu wako na ndege ya asubuhi, moja kwa moja Nairobi hadi Mombasa. Saa nne mama atakuwa amemshika mtoto."

"Mbaka! Mbaka anajua nini zaidi ya minyoo ya ng'ombe? Hii safari niachie mimi."

Akaenda Meru mjini kwa Carol, msichana wa kukata tiketi. Carol akamweleza yote kwa upole. Mwewe wana safari ya moja kwa moja, ina pointi chache. Lakini kuna nyingine inayopitia Kisumu, inarudi Nairobi, ndipo inaenda Mombasa, na hiyo ina pointi tele.

"Lakini mzee, Kisumu si njia ya Mombasa," Carol akasema. "Ni kama mtu wa Nkubu anaenda Chuka kwa kupitia Maua."

"Ofa nyingine iko?"

"Iko ya wazee. Aliyepita miaka sabini, pointi zake zinahesabiwa mara tatu. Na iko akaunti ya familia, ambapo pointi za watu wote zinaingia kwa mkuu wa familia."

Hesabu zilikuwa zinapita usoni mwa Kiunga kwa kasi kama magari ya miraa.

"Kwa hivyo mkuu wa familia akiwa mzee wa sabini..."

"Zote zinahesabiwa mara tatu, ndio. Hata zako za zamani ukizihamisha. Lakini kadi itatoka kwa jina lake."

"Andika mama mkwe! Hamisha zote!"

"Mzee, umesikia hapo kwa jina?"

"Dada, yule mama hata simu hana, ataandikishwa kwa simu yangu. Kadi ya Dhahabu atafanyia nini? Atakwangulia sufuria? Wewe hamisha!"

Carol akahamisha. Pointi za mikutano yote ya tairi na pointi za petroli yote, hata ile iliyomlaza Igoji, zikaruka kutoka kwa Kiunga zikatua kwa Gatakaa, ambaye wakati huo alikuwa jikoni kwake akichemsha njahi, yale maharagwe meusi.

Zile njahi zilikuwa za Karimi, maana mama aliyejifungua asipokula njahi maziwa yatatoka wapi? Aliweka pia unga wa uji na ndizi za kutosha kufungulia kibanda. Kiunga alipoziona alitaka kulia. Mtu wa Dhahabu kubeba kikapu cha kiondo!

Siku ya safari waliingia ndegeni Nairobi. Kiunga alikuwa amejilipia kiti cha mbele chenye nafasi ya miguu. Mama akapewa cha nyuma, karibu na choo. Ndege ilipoinuka Gatakaa alifumba macho akaimba wimbo wa kanisa kwa Kimeru, beti zote, na alipofumbua akaona maji.

"Bahari!" akaita kutoka nyuma. "Kiunga! Tumefika kwa mtoto?"

"Bado, Mama! Hilo ni ziwa! Hii ni Kisumu!"

"Karimi amehamia Kisumu?"

Abiria wakageuka. Kiunga akafungua gazeti, akajifunika lote.

Kisumu walishuka, wakakaa, wakapanda tena kurudi walikotoka. Safari hii Gatakaa alipata jirani, mama mmoja wa makamo aliyejitanda buibui, akitoka kupeleka vitambaa kwa wateja wake, naye pia anaelekea Mombasa.

"Muga, Mama," yule jirani akamsalimu.

Gatakaa nusura aruke. "Wewe unajua Kimeru?"

"Si nimezaliwa Maua! Naitwa Nasro. Duka langu liko pale chini ya msikiti."

Basi! Kuanzia hapo hakukuwa na ndege, kulikuwa na baraza. Nasro alimfunga mama mkanda, akamfungulia pakiti ya biskuti, akamwonyesha picha za wajukuu wake mwenyewe, na walipotua Nairobi alikuwa amemshika mkono kama binti yake. Kiunga alikuwa mbele akinyoosha miguu.

Sasa ikabaki safari moja tu, ya Mombasa. Lakini kwenye ubao wa safari, mbele ya jina la Mwewe, paliandikwa kwamba ndege imechelewa. Mhudumu akatangaza kwamba wanasubiri kipuri. Hakusema kinatoka wapi wala kinakuja na nini.

Mchana ukapita. Watoto wakalia. Viti vya chuma vikaanza kuuma watu. Ndege ya Kipungu ikaita abiria wa Mombasa, ikajaza, ikaenda. Baadaye ikaita wengine, nayo ikaenda. Gatakaa aliwatazama wakipita, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kiunga, hawa wote wanaenda Mombasa?"

"Ndio, Mama."

"Na sisi tunaenda wapi?"

Karimi akapiga simu. Mtoto ameogeshwa, amevalishwa, wageni wamekuja, nyanya yuko wapi? Gatakaa aliisikia sauti ya mjukuu akilia ndani ya ile simu, na ncha ya leso ikaenda machoni. Hapo hata Kiunga akamsogelea. Alitaka kusema pole. Lakini kabla pole haijatoka, simu ililia mkononi mwake, ujumbe kutoka Mwewe.

"Hongera, Gatakaa! Sasa wewe ni mwanachama wa Dhahabu."

Ile pole ikarudi ilikotoka! Kiunga aliruka juu, akainua kiondo, akainua ndizi.

"Mama, inuka! Taabu imekwisha! Tunaenda kula!"

"Nasro naye?"

"Nasro ni wa viti vya chuma, Mama. Twende!"

Lakini Gatakaa hakumwachia Nasro mkono, kwa hivyo walifika wote watatu kwenye mlango wa launji. Harufu ya nyama ya kukaanga ilitoka ndani ikamgusa Kiunga puani kama dole la malaika. Mlangoni alisimama msichana wa skafu, na kifuani mwake pameandikwa Angeline.

Kiunga akamwonyesha ile kadi kwenye simu, kwa mkono uliokunjuka polepole, kama mfalme anayetoa pete.

"Karibu sana," Angeline akasema, akasoma. "Ndiwe Gatakaa?"

"Hapana... ndio. Yaani, ni kadi yangu kwa jina la mama mkwe."

"Basi ni kadi ya mama mkwe." Angeline akamgeukia mama, akainama kidogo kwa heshima. "Shosho, karibu ndani. Unaruhusiwa kuingia na mgeni mmoja."

Kiunga akashusha pumzi. Mgeni mmoja, kumbe mambo ni rahisi! Akatanguliza mguu.

"Ngoja kwanza," Gatakaa akasema. "Huko ndani kunafanywa nini?"

"Ni kupumzika, Shosho, na kula. Supu iko, kuku yuko, samaki yuko."

"Kula!" Gatakaa akashtuka, akamtazama Kiunga kama aliyeambiwa waoge pamoja. "Sasa mimi nitatafunaje mbele ya mkwe wangu? Kwetu mama mkwe anakula mbele ya mume wa binti yake? Tangu amuoe Kinya, huyu ameshawahi kuona meno yangu?"

"Mama, hizo ni mila za nyumbani! Hapa ni uwanja wa ndege!"

"Kwani heshima niliiacha Nkubu?"

"Nitakaa kona ile nyingine!"

"Utanisikia nikitafuna."

"Nitafumba macho na masikio!"

"Sasa utakulaje na wewe umefumba kila kitu? Hapana, mwanangu. Usijitese." Na akamvuta Nasro. "Mgeni wangu ni huyu mama."

Nasro, mtu wa haya, akajaribu kukataa. Gatakaa akamwambia kwa Kimeru neno ambalo Kiunga hakulisikia vizuri, lakini wote wawili wakacheka, na Angeline, ambaye kumbe ni msichana wa Kianjai, kulekule Meru, akacheka zaidi yao. Mlango wa kioo ukafunguka. Kabla haujafungwa, Gatakaa akageuka.

"Kiunga! Chunga hizo njahi zisimwagike!"

Kiunga alirudi kwenye viti vya chuma na kiondo. Hata kiti chake kilikuwa kimechukuliwa. Akakaa chini, ameegemea ndizi, akiangalia kupitia kile kioo jinsi mama mkwe wake alivyoketi kwenye kochi, viatu amevua, mhudumu akimletea supu, kisha kuku, kisha tena supu. Akafungua simu kuangalia akaunti yake mwenyewe. Mwewe walikuwa wamemwandikia: "Karibu, mwanachama mpya! Anza safari yako leo."

Walifika Mombasa jua linatua. Wageni walikuwa wamekwenda, lakini mtoto alikuwa macho. Karimi alimweka mikononi mwa mama yake, na yule mama ambaye alikuwa ameimba, amezunguka nchi na kulia siku nzima, akatulia. Gatakaa mkubwa na Gatakaa mdogo wakatazamana kwa muda mrefu. Hata Kiunga akavua kofia.

"Lakini Kisumu mlienda kufanya nini?" Karimi akauliza.

"Muulize shemeji yako," mama akajibu, bila kuinua macho kutoka kwa mtoto. "Ndiye mwenye safari."

Kiunga akasema anaenda kuoga.

Waliporudi Nkubu, Jumapili iliyofuata, akina mama walimzunguka Gatakaa nje ya kanisa. Mbaka naye akajisogeza. Kiunga alikuwa amekwisha kuwasimulia wanaume kuhusu launji, makochi yake, samaki wake na supu yake, mpaka jinsi alivyolazimishwa kuongezewa kuku. Sasa alisimama kando akitabasamu, akingoja ushahidi.

"Ni kweli, Mama Kinya?" wakamuuliza. "Kuna hicho chumba?"

"Kipo! Nimekula huko mpaka nikalegeza mkanda. Tulikuwa mimi na mama mmoja wa Maua."

"Na Kiunga je?" Mbaka akauliza.

Gatakaa akamtafuta mkwe wake kwa macho, akamwona, akamhurumia kwa moyo wake wote.

"Msimcheke," akasema. "Yeye alikaa nje na mzigo. Kile chumba ni cha watu ambao wamezoea ndege."