Wawili Wasiosema na Mimi Mtafsiri Wao

Jumatatu, 9 Juni
Mama Nelly, mwenye hili banda la video, kasema Jumapili mabenchi yakiwa matupu ananiondoa, anaweka kuku wa mayai. Kuku! Mimi Stanslaus, mtafsiri wa filamu, Kalangalala nzima wananijua! Kosa ni la Masudi, mwenye banda la ng'ambo ya barabara, anayeonyesha mpira. Ila nimepata silaha. Filamu za kale kabisa, wanaume wawili, mrefu na mfupi, hawasemi neno. Safi sana. Maneno yote nitaweka mimi.

Jumatano, 11 Juni
Nimeziangalia peke yangu. Lo! Wanapitisha kabati dirishani. Mfupi anasukuma, mrefu yuko upande uleule, naye anasukuma. Nje hakuna wa kulipokea, linawarudia. Mrefu anamtazama kwanza mwenzake, anavua kofia, ndipo anaanguka. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mafundi hawa! Wanagombana kutwa na hawaachani. Nimewaandikia kurasa kumi na nne za maneno. Mrefu nimempa matatizo ya ndoa.

Ijumaa, 13 Juni
Wachimbaji walijaa. Nikashika maiki, sikupumua. Fredy, mchimbaji asiye na adabu, kadai natangaza mtu anaanguka kabla hajaanguka. Nikamjibu huo ndio utaalamu. Nusu ya watu wakahamia kwa Masudi. Washamba.

Jumamosi, 14 Juni
Sauti imekauka. Hata shikamoo haitoki. Tangawizi, asali, wapi! Naona kuku tu.

Jumapili, 15 Juni
Nimewasha filamu bila sauti yangu, huku machozi yakinilenga. Jamani! Watu wamecheka mpaka wapita njia wakaingia. Mabenchi yamejaa, wengine wamesimama. Bibi Zipora, anayejua Kisukuma tu, ndiye alicheka wa kwanza, na hakuna aliyemtafsiria. Fredy alikuwa anamshika jirani yake asidondoke. Masudi mwenyewe nimemwona nyuma, anajifuta macho. Wale wawili wa miaka ile, hawatujui, na wametupata hivi! Nimewaheshimu. Mama Nelly kasema banda ni langu, niendelee hivyohivyo. Kanishika mkono, karudia: hivyohivyo.

Jumatatu, 16 Juni
Sauti imerudi! Nimetafakari, nimeelewa. Watu walijaa kuniombea nipone. Wavumilivu, wameketi saa mbili nzima bila tafsiri, maskini. Siwatesi tena. Nimeazima spika mbili kubwa za kanisani. Kurasa sasa ni thelathini. Hata kabati nimeliandikia maneno: linalalamikia mgongo.