Mshonaji Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Profesa anataka mafundi cherehani thelathini wahojiwe juu ya maumivu ya mgongo. Thelathini! Mimi nimehoji wawili. Bwana Tanbihi, mwenzangu wa meza ya jirani, kafikisha ishirini na sita na ananionea huruma. Huruma yake aitie mfukoni. Nimeiomba akili mnemba initungie mafundi ishirini na wanane. Dakika nne tu! Kuzunguka juani ni kazi ya wasiojua kubonyeza.

Jumatano, 5 Machi
Nimewasilisha. Profesa kaguswa mno na namba kumi na nne, mjane anayeshona amesimama kwa sababu akikaa mgongo unamkata. Nikapokea sifa kwa unyenyekevu. Tanbihi kanuna. Raha iliyoje! Kisha Profesa akasema anataka kumwona mama huyo. Ijumaa. Ofisini kwake.
Raha kwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwendea shangazi, fundi cherehani wa kweli, aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Nikamsihi awe mjane kwa nusu saa. Mumewe alikuwa papo hapo akitia cherehani mafuta. Akauliza yeye amekufa kwa ugonjwa gani.
Shangazi kakubali. Damu nzito kuliko maji.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Shangazi alianza vizuri, hata leso ya machozi alibeba. Profesa akamsomea yale ya kushona amesimama. Ujane ukamtoka palepale.
“Nani anashona amesimama? Pedali ataikanyaga kwa kitu gani, pua?”
Profesa akanigeukia. Nikatazama dari. Shangazi akaendelea, safari hii kwa mgongo wake mwenyewe: miaka ishirini na miwili kwenye kigoda, mto kiunoni, na ile siku aliposhindwa kunibeba nikiwa na homa. Profesa kaandika kurasa tatu. Mimi sikuwa nikijua hata moja kati ya hayo. Sikuwahi kumuuliza.
Hukumu ya Profesa: nianze upya, na nilete barua ya majuto, kwa mwandiko wangu.

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi kanizungusha kwa mafundi wenzake kutwa nzima, akinitambulisha kama mwanawe msomi, mpumbavu kidogo. Tisa tayari! Mmoja kanishonea kifungo cha shati huku akinisimulia. Nimebadilika kabisa. Sasa mimi ni mtafiti halisi.
Barua nayo tayari. Kurasa mbili, majuto matupu! Akili mnemba iliitunga kwa dakika moja, mimi nikainakili neno kwa neno, kwa mwandiko wangu. Vidole vinaniuma.
Uaminifu si kazi ndogo.