Jenerali Elkana na Haki ya Kujisifu

Ifahamike kwa wanachama wote kwamba kuanzia leo cheo cha Jenerali kitakuwa na utamu wa kutosha, hata kila mwanachama atakitamani. Ndivyo uongozi wa Klabu ya Vita vya Kompyuta, Homa Bay, ulivyotangaza mwaka wa 1999, kwa karatasi iliyopigwa chapa na kubandikwa mlangoni kwa gundi ya unga wa ngano.

Uongozi ulikuwa Madam Dorine, mwenye chuo cha kompyuta. Kompyuta zilikuwa nne, zimefungwa pamoja kwa waya. Waya wa tano uliingia kwenye simu ya mezani, ukalia kama jogoo anayechinjwa, kisha ukatuunganisha na wenzetu wa Migori, ambao tulipigana nao kila Alhamisi.

Shida ilikuwa moja. Hakuna aliyetaka kuwa Jenerali! Askari anarusha mishale, anachoma ngome, anafurahi. Jenerali hana hata upinde. Kazi yake ni kutazama ramani na kusema nani alinde lango, nani akakate kuni. Mkishinda, mmeshinda nyote. Mkishindwa, ameshindwa yeye.

Kwa hiyo tangazo likampa Jenerali marupurupu. Kwanza, kiti kinachozunguka, cha pekee chuoni. Pili, soda iliyolazwa ndani ya ndoo ya maji baridi. Tatu, haki ya pakruok.

Pakruok si jambo geni huku. Benga imekolea, mtu anasimamisha muziki, anajisifu yeye na ukoo wake mpaka aridhike, ndipo gitaa liendelee. Basi Jenerali naye akitaka kujisifu, vita visimame. Askari wote watoe mikono kwenye kibodi na kuiinua juu. Atakayegusa kitufe atapiga deki wiki nzima.

Elkana aliomba cheo kabla gundi haijakauka.

Elkana alifundisha taipu, na alitembea kama mtu anayepigiwa tarumbeta. Kabla ya vita aliichukua simu, akapiga kelele hadi Migori bila kuhitaji waya: "Nyinyi watu! Leo mkinishinda, chukueni beberu wangu!"

Sharif, mwenye duka la vyombo la jirani, na ndiye mlinzi wa lango letu vitani, aligeuka. "Omera, ndugu yangu, si huyo ndiye beberu wa wakwe?"

Ndiye. Jumamosi Elkana alitakiwa kumfikisha Rongo, kwa baba ya mchumba wake Emmaculate, mzee aliyekwisha kuahirisha mazungumzo ya mahari mara mbili kwa sababu ya mikono mitupu.

"Nani amekwambia nitashindwa?" Elkana akauliza, akizunguka na kiti chake.

Tulianza vizuri. Sharif aliteka daraja peke yake, kwa jasho. Elkana akaruka juu.

"Simamisheni! Nani ameteka daraja?"

"Mimi," akasema Sharif.

"Elkana, wuod Phelesia, mwana wa Phelesia! Mikono juu!"

Tukainua mikono. "Mimi ni Mlima Homa! Ukinikwepa asubuhi, jioni utanikuta! Mimi ni kiboko, sibishi hodi ziwani!" Alipomaliza tukashusha mikono, tukakuta daraja limerudi kwa wenyewe wa Migori.

"Bahati yao," akasema Jenerali, akanywa soda.

Sharif alilirudisha lile daraja. Elkana akasimama tena, safari hii juu ya kiti, jambo lisiloshauriwa kwa kiti kinachozunguka.

"Mimi ni mbuta, mfalme wa samaki! Nyinyi wa Migori ni omena, dagaa, tena wa kuanikwa!"

"Jenerali, wanavuka," Sharif akanong'ona.

"Usinikatize! Babu yangu alipokohoa Kanyada..."

"Jenerali, wako langoni!"

"...ng'ambo ya ziwa, Asembo, walifunga madirisha!"

"Jenerali, wanakula ng'ombe zetu!"

"Mikono juu, Sharif! Ama unataka deki?"

Sharif hakutaka deki. Jeshi zima lilikaa limeinua mikono, jambo ambalo katika vita vingine huwa na maana yake. Kiti kikazunguka polepole, kikamgeuza Jenerali mgongo kwa kioo cha kompyuta, na yeye akaendelea kuusifia ukuta. Mababu zake walikuwa wengi. Alipofika kwa wa mwisho na kiti kumrudisha, ngome yetu ilikuwa moshi.

Simu ikalia. Alikuwa Rael, wa Migori.

"Haki, mlipotelewa na stima?"

"La," akasema Madam Dorine.

"Tulidhani mmeenda chai. Tuliwangoja kidogo, halafu tukaona tuingie tu."

Elkana akainyakua simu. "Nipe Jenerali wenu! Nataka kuongea na mwenye cheo kama changu!"

"Jenerali?" Rael akauliza wenzake kitu, wakacheka. "Sisi hatuna. Mimi nawaambia tu nani aende wapi, kisha tunacheza. Na huyo beberu, kaka, ni wa kamba au anafuata mwenyewe?"

Alikuwa wa kamba. Jumamosi Elkana alifika Rongo na jogoo kwapani. Baba yake Emmaculate alimtazama jogoo, akamtazama mgeni, akasema mazungumzo yangoje mavuno.

Tangazo hatukulibandua mlangoni. Kile kiti kinachozunguka sasa kinauzuia mlango huohuo usibamizwe na upepo wa ziwa, na tangu Alhamisi ile hakuna aliyekiomba.