Sauti ya Mama Katika Mashine Tatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Saba, binti wa marehemu kaka yangu, kaanza kuhamisha sauti za familia kutoka diski za zamani, zile zinazozunguka na kukoroma, kwenda diski mpya za kimya. Mashine ni tatu: mbili dukani kwangu Chikongola, moja Mikindani kwa binamu yangu Mohammedtaqi. Zimeungana kwa mtandao, kila moja ina nakala yake. Humo yumo marehemu Mama, Hajrabai, akisoma marsiya za kumlilia Imamu Huseini. Hana kanda nyingine. Kinamama wanataka kumsikia siku ya Arubaini, wiki ijayo.

Saba kaniusia nisichomoe diski ya zamani mpaka skrini iseme imemaliza. Nimemwambia mimi si mtoto.

Jumatano, 6 Agosti
Saba yuko Masasi, anasimamia mitihani. Mohammedtaqi kapiga simu. Mashine yake imeshahamia diski mpya! Kauliza kama zangu zinasubiri kibali cha waziri. Astaghfirullah. Nikakata.

Zangu, asilimia sitini tu. Nikashika tasbihi, nikafanya istihara, kumwomba Mungu jibu kwa kuhesabu shanga: nichomoe? Hapana. Nikauliza tena, kwa upole. Hapana. Mara ya tatu nikauliza kama kuna ubaya kuchomoa. Hapana.

Nimechomoa zote. Diski za zamani nimempa Hashimu, fundi redio, azifute awekee filamu zake. Sadaka.

Alhamisi, 7 Agosti
Saba karudi. Hakupaza sauti, ndicho kilichonitisha. Kwenye mashine zangu Mama anasoma, anavuta pumzi, halafu kimya. Hashimu ameshafuta. Nikajitetea kwa istihara. Saba akaketi sakafuni.

"Baba mdogo, Mungu huulizwa la siri. Hili lilikuwa limeandikwa kwenye skrini."

Imebaki nakala moja duniani, ya Mikindani. Ameanza kuivuta kwa mtandao, itachukua siku mbili. Kaniomba nisiguse kitu. Nimesali rakaa mbili za toba. Nimelia.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya swala Mohammedtaqi anawatangazia watu kwamba yeye ndiye mlinzi wa sauti ya Mama. Sauti ya mama yangu, katika ghala lake lenye unyevu!

Mtandao unajikokota. Nikawaza: mashine zikikaa meza moja, si zitapeana haraka? Saba ana kazi, nisimsumbue. Nikachukua bajaji hadi Mikindani, Mohammedtaqi akiwa bado kwenye baraza ya msikiti anajisifu. Mfanyakazi wake kanifungulia, ananijua. Nimeichomoa ukutani, taa zake zote zikiwaka.

Naandika nikiwa njiani. Mama yuko mapajani kwangu, nimemfunga kwa kanzu ya akiba. Barabara ina matuta. Nimemwambia dereva akimbize.