Jicho Langu Juu ya Boma la Mzee Ngatia

Jumapili, 3 Agosti

Mimi, Mutahi, nimekuwa mtu wa ndege! Hafiz amerudi kutoka kwa kaka yake Dubai na droni. Nyeupe, mapanga manne, inalia kama nyuki aliyechokozwa. Hafiz hutengeneza simu pale Majengo, jirani kabisa na duka langu la dawa za mifugo, na ndiye besti wangu kwenye ngurario, harusi yetu ya kimila. Tumeijaribu ndani ya duka. Imevunja chupa mbili za dawa ya kupe. Haidhuru. Nimepata mpango!

Maana nina shida. Tarehe kumi na sita, nyumbani kwa akina Watiri, mchumba wangu, kule Othaya, nitasimama mbele ya koo mbili. Wanawake watatolewa nje wamefunikwa leso kuanzia utosini, wote sawasawa kama magunia ya viazi, na mimi nimtoe Watiri wangu hapo katikati. Nikikosa, ni faini ya mbuzi na jina la kuchekwa hadi kaburini. Waweru wa Kiriaini alishika mkono wa shangazi. Sasa ana watoto watatu, lakini sokoni bado anaitwa Mume wa Shangazi.

Na macho yangu nayo, heri nisiseme. Siku Watiri alipohitimu chuo nilimkumbatia binamu yake wa kike, nikampa maua, nikamnong'oneza maneno matamu. Watiri alikuwa amesimama nyuma yangu. Leo baada ya kanisa amenikumbusha. Amesema nikimkosa safari hii atajifunua mwenyewe, aingie ndani, na tutaanza upya mwakani. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lakini sasa nina jicho angani! Wakati wanawake wanafungwa leso nyuma ya nyumba, Hafiz atakuwa juu yao na droni. Ataona Watiri amevaa viatu gani, atanitumia ujumbe. Kwisha!

Jumanne, 5 Agosti

Kinyua ameharibu asubuhi yangu. Huyu ni binamu ya Watiri, ndiye atakayepiga picha za ngurario, na yeye pia ana droni. Ana leseni ya urubani, huivaa shingoni hata akienda kununua mandazi. Ameingia dukani kununua dawa ya minyoo ya mbwa, akaona droni kwenye rafu, akauliza kama imesajiliwa. Ameuliza kwa ile sauti ya daktari anayeuliza umekohoa tangu lini. Nikamwambia ni toi tu. Akasema hata toi ina sheria ikishafika juu. Ati hata hewa ina wenyewe! Hewa!

Nimepigia simu Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ili nimuumbue. Amenipokea dada mmoja anaitwa Rukaya, mpole kama maziwa. Kumbe Kinyua hakudanganya. Droni isajiliwe. Anayeirusha awe ameruhusiwa. Isiruke juu ya umati. Isikaribie uwanja wa ndege bila idhini. Mrushaji asiipoteze machoni. Na mwenye boma aulizwe kwanza. Nikamuuliza kama yote hayo yanaweza kukamilika kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Dada Rukaya akaniuliza kwa upole kama niko salama.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetafakari. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ni nyingi.

Kusajili: droni ni ya Hafiz, kwa hivyo hiyo ni shida ya Hafiz. Umati: wanawake wanaofungana leso si umati, ni kamati. Uwanja wa ndege: Othaya kuna majani chai, hakuna uwanja. Kutoipoteza machoni: Hafiz ana macho mawili mazima. Nimempigia Rukaya nimsomee haya. Amesema sheria haifanyi kazi hivyo. Nimemshukuru kwa ushauri.

Limebaki moja tu, la mwenye boma. Na mwenye boma ni baba mkwe wangu, Mzee Ngatia. Unamwombaje mzee ruhusa ya kuchungulia uani kwake siku ya ngurario? Nimewaza hadi chai ikapoa.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeipata ruhusa! Wah, mimi ni hatari!

Nimekwenda Othaya na chumvi ya ng'ombe kama zawadi. Nimemweleza Mzee Ngatia kwamba siku hizi magonjwa ya majani chai hukaguliwa kutoka juu, na kwa vile mimi ni karibu mwanawe, nitamkagulia shamba bure, Jumamosi hiyohiyo, kwa vile nitakuwa hapo hapo. Mzee alifurahi hadi akasimama. Akaniambia niruke popote, juu ya shamba, juu ya zizi, juu ya nyumba, mimi ni mtoto wa boma hili. Akasema pia atamuuliza Kinyua mambo ya kamera hizo, kwa kuwa Kinyua ni mtaalamu. Nikamwambia asijisumbue. Akasema si usumbufu.

Watiri alikuwa akituandalia uji. Mzee alipotaja kuruka juu ya nyumba akapata kwikwi. Yeye akiogopa au akiwa na jambo moyoni ni kwikwi tu, hik, hik, hata siku aliyokutana na mama yangu alimaliza chakula chote akiruka kwenye kiti. Miaka minne nimezizoea, siku hizi hata sizisikii.

Wakati wa kuondoka amenionyesha viatu atakavyovaa. Vyekundu kama pilipili! Nilitaka kuruka kwa furaha. Nikajikaza nikasema ni vizuri tu.

Jumatano, 13 Agosti

Mazoezi. Tumekwenda upande wa Nyaribo, kuna nafasi kubwa, hakuna watu. Ukungu ulikuwa mzito kama uji wa jana. Hafiz amegundua kitufe cha kuifanya droni imfuate mtu. Akakibonyeza, ikanifuata mimi. Mlinzi mmoja akatokea na rungu akituuliza kama hatuoni kwamba nyuma ya ule ua ni uwanja mdogo wa ndege. Haki hatukuona! Kwani tulikuwa tunaangalia juu. Tukakimbia. Tatizo ni kwamba droni nayo ikakimbia, nyuma yangu, kimo cha kichwa, hadi barabara ya lami. Akina mama waliokuwa wakiuza kabeji walilala chini. Mmoja alinipigia makofi.

Rukaya amepokea simu yangu na kusema, kabla sijajitambulisha, habari yako Mutahi. Nimemuuliza kama kuukaribia uwanja kwa bahati mbaya ni sawa na kuukaribia. Amesema ndiyo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kesho! Suti imepigwa pasi. Hafiz ameshachagua mahali pa kujificha, kwenye majani chai juu ya boma. Betri zimejaa.

Watiri amenipigia jioni. Ameniuliza kama kuna kitu chochote ningependa kumwambia kabla ya kesho. Nikamwambia nampenda. Akasema anajua, lakini kitu kingine? Nikasema hakuna. Akaniuliza tena, polepole, kama sina hofu ya kumkosa. Nikamwambia alale salama, mwanamume ana njia zake. Akasema sawa. Halafu kwikwi zikamshika, akakata simu.

Ni woga wa bibi harusi. Maskini.

Jumamosi, 16 Agosti

Ngai wangu, Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu. Tulifika, tukazuiwa langoni, wanawake wakaimba, tukaimba, wakatufungulia. Mbuzi wakapokewa. Wazee wakakaa. Upande wa jikoni masufuria ya njahi, maharage meusi ya sherehe, yalikuwa yakitokota. Mimi nilikaa katikati ya wajomba zangu na simu mfukoni, nikitabasamu kama mtu aliyeuona mtihani jana yake.

Nikaisikia. Nyuki wangu! Mbali, juu ya mabati. Mjomba akauliza ni sauti gani, nikamwambia ni mashine ya kusaga nyasi. Ujumbe wa Hafiz ukaingia: viatu vyekundu, leso ya manjano, wanamvalisha sasa hivi, wanacheka sana. Ndiyo, wanacheka, ni siku ya furaha!

Mara ujumbe wa pili. Ukungu umeshuka. Haioni tena. Ujumbe wa tatu ulikuwa neno moja, subhanallah. Halafu kishindo jikoni na kelele za akina mama. Droni ilikuwa imeingia kwenye sufuria ya njahi. Cucu Beth, nyanya ya Watiri, akaichapa mara mbili kwa mwiko kabla haijazama vizuri. Nikajiambia haidhuru. Imekufa, lakini kazi imefanya.

Wakatoka. Saba, wamefunikwa gubigubi, wameshikana mikono. Wa kwanza alikuwa mfupi mno. Wa pili alikuwa mnene mno. Wa tatu alikuwa na kwikwi, leso ikiruka hik, hik, na nikamwonea huruma kwa sababu pengine ameonja mukimo, vile viazi vya kupondwa, bila maji. Nikampita. Alivuta leso yangu ya mfukoni kidogo nilipokuwa nikipita. Nikairudisha mahali pake.

Wa sita alikuwa na leso ya manjano. Na chini, ncha za viatu vyekundu!

Sikusita. Mtu mwenye uhakika hasiti. Nilipiga goti, nikaushika mkono wenye glavu, nikatangaza kwa koo zote mbili kwamba huyu ndiye, moyo hauwezi kudanganywa, hata angekuwa kati ya elfu ningemjua. Shangazi wakashangilia kupita kiasi. Nikafunua leso.

Masharubu.

Kinyua! Kinyua amevaa leso, kitambaa cha kichwa na viatu vya mchumba wangu! Sikuwahi kujua ana mguu mdogo hivyo. Na shingoni leseni ikining'inia. Alinitazama nikiwa bado nimepiga goti, mkono wake ndani ya mkono wangu, akaniuliza kama hii droni yangu sasa nimeisajili.

Boma lililipuka. Wajomba zangu walicheka hadi mmoja akashikwa mgongo. Kumbe Mzee Ngatia alimuuliza Kinyua kuhusu magonjwa ya majani chai yanayokaguliwa siku ya ngurario, nyuma ya nyumba, saa ya kufunga leso. Kinyua akawaambia shangazi. Shangazi wakapanga. Na droni ya Kinyua, ikirushwa na msaidizi wake Sophie, ikiwa na ruhusa zote za duniani, imenipiga picha safi kutoka kila upande.

Wa tatu akajifunua. Watiri. Macho yamejaa maji. Hakunipigia kelele. Alisema alinionyesha viatu, akanipigia simu, akaniuliza mara mbili, akanikwikwia mbele ya watu wote, na bado nilihitaji ndege ili nimjue. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kicheko kikazimika. Sijawahi kuogopa hivyo. Nilisikia mjomba akianza kuulizia kama mbuzi wetu watarudishwa. Mwakani! Mimi sitaki mwakani, mimi nampenda sasa hivi.

Nikaenda mlangoni na kubisha hodi. Nikabisha tena. Nikasema kwamba naomba ruhusa. Akauliza ruhusa ya nini. Nikasema ya chochote atakachoniruhusu. Ndani nikasikia hik.

Akafungua kidogo. Akaniambia masharti yake: kabla sijafanya jambo linalomhusu, nimuulize. Nisimzungukie kwa juu na yeye yuko hapa chini anaongea. Na nisiwahi kumpoteza machoni. Nikamwambia hata Rukaya anasema hivyo hivyo. Akauliza Rukaya ni nani. Hapo nilikaribia kupoteza kila kitu mara ya pili.

Wazee wakanitoza mbuzi. Nikalipa nikiwa nimesimama wima. Wanawake wakafungwa leso upya, sasa zote za rangi moja, na safari hii sikuangalia kitu. Nilifumba macho, nikasikiliza. Hik! Nilikwenda mbio, karibu niangushe meza ya maharusi. Nikafunua. Watiri wangu, analia na kucheka pamoja!

Vigelegele hadi ng'ambo ya bonde. Njahi nayo ililiwa yote. Cucu Beth amesema ilikuwa na ladha ya redio.

Jumapili, 17 Agosti

Chifu, aliyekuwa mgeni wa heshima, ameibeba droni kwenye buti ya gari lake. Atataka kuongea na Hafiz na mimi kuhusu usajili. Hafiz anasema haongei na mimi hadi Ramadhani. Mzee Ngatia ameuliza, bila kucheka hata kidogo, majani chai yake yako vipi.

Sokoni Othaya nimeshapewa jina. Waweru amenipigia simu kutoka Kiriaini kunikaribisha. Mimi sasa ni Mume wa Kinyua.

Nimemwapia Watiri kwamba sitarusha tena droni maishani mwangu. Amenishika mkono na kuniambia kwamba ananiamini. Nililia kidogo. Nimejifunza somo kubwa sana.

Jumatano, 20 Agosti

Tumekwenda kumwona mchungaji kuhusu harusi ya kanisani mwezi wa Desemba. Watiri ameonyesha picha ya gauni. Zuri! Jeupe! Halafu nikaona kichwani.

Shela. Nene. Hadi kifuani. Yaani wanamfunika TENA? Na nimesikia kuna harusi nyingine kanisani humo siku hiyo hiyo!

Nimejiuliza kama nisikilize kwikwi tu. Lakini je, akinywa maji asubuhi hiyo? Hapana, mtu mzima hategemei kwikwi. Nimeahidi kutorusha droni, na ahadi ni ahadi. Ila Hafiz, ambaye kumbe anaongea nami mambo yakiwa ya maana, ananiambia ukifunga simu kwenye tiara kubwa ya kupeperusha unapata picha nzuri ajabu. Na tiara si droni! Ni karatasi na uzi!

Watiri sitamuuliza, nataka iwe zawadi. Rukaya nilimpigia. Nilipofika kwenye neno tiara alishusha pumzi ndefu na kuniuliza ni kanisa gani, na harusi ni saa ngapi.

Nadhani anataka kuja. Nitamtengea kiti.