Mkate wa Nia

Kitendawili, wanangu. Nimemuuzia mtu kitu alichozaliwa nacho, akanishukuru na kunimiminia chai. Fikirini kwanza, mji msinipe mapema.

Allal wa Fez alikula kwa kitendawili hicho. Aliuza nia. "Ukinuia sawasawa, dunia hukufuata kama mbuzi," aliwaambia watu, na watu wazima, wanaotokwa jasho sokoni wakigombania fungu la mnanaa, walimfungulia milango. Aliaminika kwa pete yake nene ya dhahabu. Bila pete ile alikuwa mzururaji tu.

Siku moja alimwona bibi harusi kafungwa kiunoni mkanda wa dhahabu, mpana kama kiganja. Akadodosa. Mkanda ulikuwa wa mjane Lalla Ghita, na kila mwali wa kichochoro kile aliazimwa siku yake. Allal akameza mate.

Kesho yake yuko kwa mjane, anapuliza chai.

"Nasikia harusi ya mjukuu wako Batul inaahirishwa kila mara."

"Mama mkwe ana moyo wa jiwe," alisema Lalla Ghita.

"Tutaulainisha. Dhahabu hubeba nia, Lalla. Utie mkanda ndani ya donge la unga, uchomwe kwenye tanuri la mtaa. Mkate ukiumuka, na moyo wake utaumuka. Ila wakati wa kuutia, kila mtu afumbe macho. Nia ikitazamwa huona haya."

"Na wewe, Sidi Allal, nia yako ni nini katika haya?"

"Kunywa chai, Lalla, inapoa."

"Basi tutie na pete yako, mwalimu atangulie. Na wewe fumba."

Allal alipima upesi: mkate akiuiba yeye, pete itarudi na mkanda juu. Akaivua, akampa, akafumba macho kama walii. Hakuna mjinga kama mjanja aliyefumba macho kwa hiari yake.

Tanurini kila nyumba huujua mkate wake kwa muhuri, na wa Lalla Ghita ni nyota. Allal alikuwa amechonga nyota yake, akakanda mkate pacha wenye kokoto tumboni. Mchomaji alipogeuka, akabadilisha, akatoka mbio na mkate wa moto kifuani, mbavu zinaungua, anacheka peke yake. Nyuma ya makaburi akaumega. Ndani mlikuwa na chuma cha kwato ya punda.

Pete, jamani! Akarudi mbiombio.

Alimkuta Lalla Ghita tanurini, kazungukwa na wanawake wenye mbao za mikate, mkanda unang'aa kiunoni mwake. Mkononi alishika mkate uliokatwa, kokoto imekaa katikati kama jino.

"Karibu, mwalimu. Nyota ni yangu, ila mimi unga wangu huutia habasoda, mtaa mzima unajua. Huu umetoka wapi?"

"Lalla, pete yangu..."

"Si tuliitia kwenye mkate wangu? Umejuaje kwamba haimo?"

Allal akakohoa. Wanawake wakacheka mpaka mbao zikayumba.

"Pete iko kidoleni kwa Batul," alisema Lalla Ghita. "Imenuia kubaki. Lakini swali langu hukulijibu, na chai imeshapoa. Nia yako ilikuwa nini?"

Allal akautazama mlango. Mlangoni alisimama mchomaji na koleo lake refu la mti.

"Kuiba, Lalla," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji.