Programu Inayonielewa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza maisha mapya. Nimepakua programu ya kutunza fedha kwenye simu. Bure!

Aliyenichokoza ni shemeji, kaka wa mke wangu. Ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi, na tangu apewe kiti cha kuzunguka anajiita Mhasibu. Jana alikuja kula kwetu. Akala, akashiba, akanawa, kisha akamwambia dada yake mbele yangu kwamba fedha za cherehani heri angezitunza yeye Mhasibu, maana mimi mifuko yangu yote imetoboka. Mke wangu akacheka. Akacheka! Nikamjibu shemeji kwa utulivu kwamba ndani ya simu yangu kila senti ina jina lake na mahali pake. Wakati huo simu yangu ilikuwa na tochi na michezo miwili.

Jambo lenyewe si la mchezo. Mke wangu anashona kwa cherehani ya kukodi. Sasa amelipa kianzio cha yake mwenyewe, ya umeme, na muuzaji amesema bila kuficha: laki nane zilizobaki zifike Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo kianzio kimeliwa na cherehani anapewa mwingine. Mtunza fedha ni mimi. Kila wiki ananikabidhi, nami naongeza za kwangu. Mara nyingine naazima humo kidogo, mambo ya kibinadamu.

Programu ya kwanza ilinihoji kama polisi. Unapata ngapi, unatumia ngapi, una ngapi sasa hivi. Nikajibu kwa unyoofu, kosa langu hilo. Ikaleta namba nyekundu: laki mbili na nusu zimepungua. Halafu ikauliza "Mengineyo" ni kitu gani, mbona yamezidi chakula.

Nimeifuta. Sijazoea kusemeshwa hivyo na kitu ninachokichaji mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Programu ya pili. Hii ina picha ya kibubu chenye uso. Ukiweka fedha kinatabasamu, ukitumia kinaguna. Kinaguna kwa sauti! Leo nimenunua chai na andazi pale nje ya ofisi, nikaandika kama ilivyotakiwa, kikatoa mguno mrefu kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Walimu wenzangu wote wa shule ya udereva wakageuka. Mmoja akanipa pole, akidhani ni tumbo langu. Nikanunua la pili kuonyesha kuwa sijali. Kikaguna tena.

Imefutwa saa hiyohiyo.

Mchana nilikuwa na mwanafunzi wangu mkubwa, mzee mmoja tunayemwita Mstaafu. Ameshafeli mtihani mara mbili, zote kwenye rivasi. Anajaribu tena Ijumaa. Akaniomba leo tushughulikie rivasi tu. Nikamwambia aende mbele kwanza, nyuma hakukimbii, kwa sababu nilikuwa napakua programu ya tatu na mtandao ulikuwa umeshika. Akatii. Ni mtu wa heshima sana. Tulipokuwa tunashuka akanishika mkono, akasema akifaulu safari hii atanipa laki moja na nusu, mkononi, na akaapa kwa pensheni yake.

Laki moja na nusu! Sikusikia tena alichosema baada ya hapo.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata! Nimeipata! Programu inayonielewa.

Ina sehemu ya "Mapato Yanayotarajiwa", na pembeni kuna kitufe kidogo: jumuisha kwenye salio. Nikakibonyeza. Wazee walisema ahadi ni deni. Sasa nifuateni polepole. Kama ahadi ni deni, aliyeniahidi ana deni langu. Na deni ninalomdai mtu ni la nani? Ni langu. Shemeji na kiti chake cha kuzunguka hajawahi kufika huku.

Nimeingiza Mstaafu, akifaulu: laki moja na nusu. Binamu, aliyesema atanirushia akirudi safari: elfu themanini. Yule dada aliyefaulu mwaka jana akasema "Mwalimu, tutaonana": elfu hamsini. Hakutaja kiasi, ila macho yake yalikuwa ya elfu hamsini kabisa. Nyongeza ya mshahara ambayo bosi alisema ataifikiria: elfu thelathini. Ukijumlisha na laki tano na nusu zilizopo, namba ikageuka kijani. Laki nane na elfu sitini! Simu ikapiga makofi, kweli kabisa, makofi ya ukumbi mzima.

Yote hayo niliyafanya ndani ya gari, somo likiendelea. Mstaafu alikuwa anapiga rivasi. Akaangusha nguzo mbili za mazoezi. Nikamwambia vizuri sana, arudie.

Jioni mke wangu akasikia yale makofi, akauliza ni nini. Nikamwonyesha namba. Akaitazama muda mrefu, akaweka kiganja mdomoni. Kisha akanikumbatia, na mikasi bado iko mkononi. Akasema kumbe nimebadilika. Nilifurahi mno. Nilitaka kumweleza kuhusu kile kitufe, ila ungekuwa uchoyo kumkatiza mtu furaha yake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwisha.

Mchana nimerudi nyumbani kula, meza ya mke wangu iko tupu. Cherehani ya kukodi haipo. Ameirudisha kwa mwenyewe! Amelipa na kodi ya mwisho, wakaagana vizuri. Tena amekubali kazi ya sare za shule, vitambaa vimeshaletwa, bando tatu, anaanza Jumatatu. Akasema aliogopa kuikubali mwezi mzima, mpaka alipoiona ile namba.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikafungua kinywa. Nikasema chumba sasa kinaonekana kikubwa.

Nikatoka nje kumpigia binamu. Hapatikani. Nikampigia tena, na tena. Yule dada wa "tutaonana" alipokea, akauliza mwalimu gani. Bosi nilikuwa nimeshamgusia asubuhi habari ya nyongeza. Akauliza nyongeza ipi.

Amebaki Mstaafu peke yake. Akitoa zake nitakuwa na laki saba kamili, na kwa laki saba muuzaji anaweza kusikia maombi. Ndiyo maana alasiri nilimpa somo la nguvu. Rivasi tupu! Lakini hofu yangu ilikuwa inatokea mdomoni. Nikamfokea mzee wa watu klachi, klachi, kioo, kioo, mpaka akasahau kushoto ni wapi. Na kila alipokaribia kuingia katikati ya nguzo, simu ilikumbuka kunipongeza kwa kufikia lengo. Makofi. Mstaafu akikanyaga mafuta badala ya breki. Siijui namna ya kuizima.

Shemeji ametuma ujumbe. Jumamosi atakuja na pikapu ya dukani kwao kubeba cherehani. Msaada huo sikuuomba.

Ijumaa, 7 Machi

Uwanja wa mtihani. Jua kali. Nilisimama kwenye uzio na walimu wengine, mkono mfukoni, nimeishika simu kama mtu aliyeshika tiketi.

Mstaafu akaingia garini. Akafunga mkanda. Safi. Akawasha, akaonyesha taa, akatoka. Kona ya kwanza, safi. Kilima, akasimama, akaondoka bila gari kurudi nyuma hata kidogo. Mwalimu mwenzangu akanigusa bega kwamba mzee leo amekuja kivingine. Nikaanza kumwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua.

Rivasi. Mtahini akanyoosha kidole. Gari likaanza kurudi, taratibu, taratibu, limenyooka. Nusu limeingia. Nikasema moyoni kioo, mzee wangu, tazama kioo. Hakutazama kioo. Aligeuka kunitafuta mimi. Alikuwa anasubiri nimwambie vizuri sana.

Nguzo ya kushoto ikalala. Kisha ya kulia.

Mzee akashuka, akaja moja kwa moja kunipa pole mimi. Akasema nisivunjike moyo, mwezi ujao atarudi, na ahadi yake iko palepale. Nilitaka kulia. Nikaingia kwenye programu nifute jina lake, nikakuta kumbe si lazima kufuta. Unaweza kusogeza tarehe tu! Nikasogeza. Namba haikutikisika.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapiga pasi gauni la kuvaa kesho. Akauliza kama kila kitu kiko tayari. Nikamwambia kiko kwenye simu. Sijui kwa nini sikusema. Najua kwa nini. Alikuwa anaimba.

Jumamosi, 8 Machi

Ukipanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Tulifika dukani mapema. Cherehani ilikuwa imefutwa vumbi, imewekwa mbele. Mke wangu akaipitishia mkono, akaurudisha tena. Shemeji akafungua mlango wa nyuma wa pikapu. Muuzaji akasema haya, tumalize. Nikatoa bahasha ya laki tano na nusu, na kabla hajaanza kuhesabu nikamwekea simu juu ya meza, namba ya kijani ikimtazama. Nikamweleza kwamba zilizobaki hizi hapa, ziko njiani.

Muuzaji akaniuliza njia ipi.

Mke wangu akaichukua simu. Nikajaribu kusema ina mipangilio yake, mtu asiyeizoea anaweza kuiharibu. Akaigusa ile namba, ikafunguka. Akasoma kwa sauti, jina moja moja. Mstaafu, akifaulu. Binamu, akirudi. Dada wa tutaonana, tukionana. Bosi, akifikiria. Nikamtazama shemeji, nikingoja acheke ili nipate wa kumkasirikia. Hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja tu: juzi alipokuwa ananieleza amerudisha cherehani ya watu, nilikuwa najua? Nikasema nilikuwa najua. Akatikisa kichwa, akasema alidhani nilikosea hesabu. Kwa kukosea angenisamehe palepale.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimeona aibu nyingi maishani, nyingine nimezisahau, hii sidhani.

Shemeji akasogea pembeni na muuzaji, wakanong'ona, akabonyeza simu yake. Laki mbili na nusu. Zikafika hapohapo, hazikuwa njiani. Kisha akaninyooshea kiganja, akaitaka simu yangu iwe rehani mpaka deni lake liishe. Nikamtazama mke wangu anitetee. Alikuwa ameshika upande mmoja wa cherehani, tayari kuinua.

Jumapili, 9 Machi

Ameanza kushona leo, hakungoja Jumatatu. Sare mbili zimeshaning'inia. Hajanisemesha ila mara moja, kuniambia nishike ncha ya kitambaa. Nikaishika kwa moyo wote. Nikamwambia nimejifunza. Akasema nivute zaidi kidogo.

Na kweli nimejifunza. Nilikaa na ile ncha mkononi nikawaza bila upendeleo, nikaona kosa halikuwa la programu. Kosa lilikuwa la watu. Niliweka ahadi za watu wasio na haraka. Mke wangu je? Sare moja inamchukua muda mfupi tu. Sare ziko bando tatu. Nikazidisha kichwani, nikatoa uzi, nikatoa umeme, bado zinabaki nyingi za kutosha kumlipa shemeji na chenji ya maana. Na hii si ahadi ya mtu, hii naisikia kwa masikio yangu inashona!

Hesabu kubwa namna hii haiwezi kukaa kichwani. Alasiri nikaaga naenda kununua uzi, nikapitia kwa muuza simu. Ana moja ya kioo kipana, namba zinaonekana hata ukiwa mbali. Amekubali kuniwekea mpaka mwisho wa wiki. Nimemwachia saa yangu ya mkono kama kianzio. Akauliza kazi yangu ni nini hasa, ajue fedha zitatoka wapi.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nina mke fundi.